Namba Nyuma ya Mlango

Mwalimu Asajile alipofariki, nilipata habari kwenye kundi la simu ambalo nilikuwa nimelizima sauti kwa miaka saba. Mtu aliweka picha ya mshumaa, mwingine mikono inayoomba, na chini yake zikafuata pole nyingi za watu ambao, kama nakumbuka vizuri, hawakumpenda hata kidogo. Mimi sikuandika kitu. Sikumpenda alipokuwa hai, na sikuona kwa nini kifo kimsafishe. Lakini asubuhi iliyofuata nilipanda basi kutoka Mbeya kwenda Kyela, na njia nzima nikajiuliza naenda kufanya nini. Jibu la kweli lilikuwa la aibu. Kuna namba moja iliandikwa kwa chaki mwaka ule niliofanya kazi chini yake, na nilitaka kujua kama kabla ya kufa alimwambia mtu yeyote kwamba namba ile ilikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya kompyuta, na dharau ya kuwatosha watu watatu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Bondeni, nyuma ya duka la madaftari, na ukuta wake mmoja ulipakana na uwanja wa mashine za kukoboa mpunga. Joto la Kyela kila mtu analijua. Ndani ya chumba kile, chini ya bati lisilo na dari, lilikuwa kama lina kisasi na mtu. Kulikuwa na meza mbili, jagi la plastiki na beseni la kunawia, na kompyuta tatu, kila moja na jina lake. Bibi ilikuwa ya mezani, kubwa, tuliyopewa na shule iliyokwisha kuichoka. Kobe ilikuwa laptop iliyong'oka vitufe vinne. Mgeni ilikuwa laptop mpya ya mradi, na hakuna aliyeruhusiwa kunywa chai karibu nayo. Mradi wenyewe ulikuwa wa visanduku vilivyofungwa kwenye madaraja: kisanduku kinapima kina cha mto, na maji yakipanda kinatuma ujumbe kwa mwenyekiti wa kijiji ili watu wapandishe mifugo penye mwinuko kabla ya mafuriko. Wenye mradi walikuwa mbali na walituandikia kwa adabu. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa watatu: Mwalimu, aliyefundisha hesabu katika kijiji cha Ndandalo mpaka akastaafu, Gwakisa, mwenye cheti cha ufundi wa umeme, ambaye mama yake alikuwa akiishi kulekule Ndandalo, hatua chache kutoka mtoni, na mimi.

Programu huandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, kisha kompyuta huyageuza yawe kitu ambacho kisanduku kinaweza kukitekeleza. Chuoni tuliita kukompaili. Mwalimu alisema neno hilo linamkera, akaita kujenga. Programu ndogo hujengwa kabla hujamaliza kupiga chafya, lakini sisi tulikuwa tukijenga mfumo mzima wa kisanduku, maelfu ya mafaili, na kwa mashine zile kazi ilichukua masaa. Masaa mangapi, hilo ndilo lilikuwa swali, na Mwalimu alilifanya dini. Hakuna aliyeruhusiwa kuanzisha ujenzi kabla kila mmoja wetu hajaandika kwa chaki, nyuma ya mlango, masaa aliyokadiria kwa mashine itakayotumika. Ukishaandika hufuti. Na hutoi sababu yako mpaka kazi iishe, kwa maana, alisema, ukiruhusu maelezo anayeshinda ni mwenye mdomo. Kazi ikiisha aliandika muda wa kweli pembeni. Aliyekosea zaidi ndiye aliyewanawisha wenzake mikono wakati wa chakula, akala wa mwisho.

Wiki ya kwanza nilimuuliza, "Na nikikosea mimi? Mwanamke ananawisha watu maisha yake yote. Hiyo ni adhabu gani?"

"Basi usikosee."

"Na akikosea Gwakisa?"

"Atakunawisha. Ana mikono."

Gwakisa hakuinua kichwa kwenye waya aliokuwa akiuchuna. "Mimi nitakuwa nasema ndaga kila mchana, dada msomi," akasema. "Asante haina gharama."

Niliapa kwamba sitamnawisha mtu. Miezi mitatu iliyofuata niliwanawisha karibu kila siku. Nilikuwa na fomula, niliyoitengeneza chuoni na kusifiwa nayo, inayochukua kasi ya mashine, memori yake na kasi ya diski, ikatoa jibu lenye nukta. Asubuhi moja iliipa Mgeni masaa matatu na Mgeni ikatumia matatu kweli. Kesho yake, kazi ileile, mashine ileile, ikatumia sita. Gwakisa hakuwa na fomula. Aliweka kiganja juu ya stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, akachungulia nje kama mtu anayetafuta mbuzi wake, akarudi na kuandika namba nzima, bila nukta. Na namba ikawa kweli, au karibu na kweli kunizidi mimi.

"Unaagua?" nilimuuliza siku moja. "Unaagulia kompyuta?"

"Wewe andika nukta zako. Sabuni iko wapi?"

Chakula kililetwa na mama wa ng'ambo ya barabara, kwenye hotipoti mbili: mbalaga, yaani ndizi za kupika, siku nyingi; wali na samaki wa mbasa siku ya Ijumaa. Tulinawia mlangoni ili maji yasimwagikie kompyuta, kwa hiyo wapakiaji wa magunia kule kwenye mashine za mpunga waliona kila kitu. Walijua sheria yetu kuliko walivyojua majina yetu. "Leo shahada inanawisha tena," mmoja aliita, na mwenzake akajibu, "Mwachie, anasomea." Gwakisa alipokosea yeye, walimcheka vilevile, naye akacheka, akaniuliza kama maji ni ya moto mno. Hilo lilinikera zaidi. Mtu anayeshindwa bila kuumia alinifanya nijione mimi ndiye mwenye kasoro.

Nilipanga Mbugani, kwenye nyumba ya Mama Tupo, Mkisi aliyeuza vyungu vilivyoletwa kutoka ufukweni mwa ziwa. Ukumbi ulijaa vyungu mpaka nikawa napita kwa ubavu, na kila alipopita yeye alikigonga kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakisogeza upande wa vizuri au upande wa vibovu. Kuta za vyumba hazikufika juu. Chumba cha pili alikaa Baba Neema, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga jirani na ofisi yetu, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Jioni moja nilikuwa nimeketi kitandani, sahani ya ugali na dagaa wa usipa mapajani, nikamsikia akigombana na mfanyabiashara kwenye simu. "Nikiwasha zote mbili kwa pamoja umeme wa mtaa unalegea, nimekwambia. Vitu vya watu vinazima. Mpunga ukija mkavu nawasha, mvua ikinyesha hakuna mpunga mkavu, nazima. Unataka niusukume kwa mkono?"

Niliacha kutafuna. Umeme ukilegea, stabilaiza hukata ili kulinda vifaa. Ikikata, laptop inadhani umeme umekwisha, inajipunguzia mwendo ili kutunza betri. Na ukiilazimisha isijipunguze, betri inakufa kabla ya saa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kiganja. Gwakisa alikuwa akiisikia stabilaiza ikitetemeka na kuangalia kama magunia yanashushwa. Jambo la kipuuzi kabisa, na lililo wazi kwa yeyote mwenye masikio. Mimi niliyejisifu kwamba nahoji kila kitu, niliyewahi kumsimamisha mchungaji katikati ya mahubiri, sikuwahi kumuuliza mtu aliyeketi mita mbili kutoka kwangu amejuaje. Kumuuliza kungekuwa kukubali kwamba anajua.

Sikumwambia mtu. Kuanzia siku ile, kila asubuhi bombani nilimuuliza Baba Neema, kana kwamba ni salamu tu, "Leo mnawasha?" Nikaweka jibu lake ndani ya fomula, na nikaanza kushinda. Nilishinda wiki tano mfululizo, kwa sababu Gwakisa alikisia mashine zitawashwa na mimi nilikuwa nimeambiwa. Alininawisha, nami nikavisugua vidole kimoja kimoja, polepole, wapakiaji wakitazama. "Ndaga," nilimwambia. "Ndaga fijo, asante sana." Mwalimu alitazama namba zangu nyuma ya mlango kwa namna ambayo sikuwa nimeiona, na nikaipenda, ingawa sikumpenda yeye.

Kisha ikaja masika. Kisanduku cha Ndandalo kilituma kina kilekile siku mbili, huku mto ukipanda kwa macho ya kila mtu. Gwakisa alilipata kosa. Lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kujengwa upya, kisha kadi yenye mfumo mpya ipelekwe kwa pikipiki. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na bombani Baba Neema alikuwa ameniambia, "Mvua hii? Leo nalala." Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu, na Mwalimu akaiweka juu ya meza ili wote tusikie.

"Mwalimu, ugonile," akasalimu. "Hapa watu wananiuliza. Wapandishe ng'ombe shuleni au wasubiri sanduku? Mwezi huu wamepandisha mara mbili bure, na njia ni tope mpaka magotini. Wamenichoka."

"Nipe dakika tano."

Tuliandika. Mwalimu masaa manne. Gwakisa saba. Mimi matatu. Mwalimu alisimama mbele ya mlango, akafuata kwa kidole safu yangu ya wiki tano, akarudi kwenye simu. "Saa tano tunamaliza. Mpaka saa saba mchana sanduku litakuwa linasema. Wasubiri."

Gwakisa alitoka nje kumpigia mama yake. Tulimsikia kupitia mlango, Kinyakyusa na Kiswahili vikichanganyika, sauti ikipanda. Aliporudi alikuwa bado ameishika simu. "Nimemwambia apandishe ng'ombe," alisema, si kwetu hasa. "Anasema kama Mwalimu amesema saa saba, ni saa saba. Anasema mimi mwenyewe nilifundishwa kuhesabu na Mwalimu."

Saa tatu na nusu mashine za mpunga zikanguruma, zote mbili. Baadaye nilielezwa: wafanyabiashara waliogopa mvua itakata barabara, wakatoa mpunga mkavu uliokuwa kwenye maghala, wote siku moja. Gwakisa angeweza kunieleza tangu saa mbili, kama sheria ingemruhusu au kama ningekuwa mtu wa kuelezwa. Stabilaiza ikasema tak, ikakata, ikarudi, ikakata tena. Kwenye kioo cha Mgeni, mistari iliyokuwa ikipanda haraka ikaanza kupanda mmoja mmoja.

"Mwalimu," Gwakisa akasema, "mashine zimeanza."

"Hatuelezi mpaka iishe."

"Sielezi. Nasema zimeanza. Zisikie."

Mwalimu akanigeukia mimi. "Sekela. Namba yako imesimama?"

Nimerudi kwenye swali lile mara nyingi kuliko ninavyorudi kwenye mambo mengine ya maisha yangu, na kila nikirudi nalikuta jepesi vilevile. Nilijua. Sekunde ile nilijua kwamba matatu yamekufa na kwamba saba ndiyo karibu na ukweli. Ilikuwa saa tatu na nusu. Kulikuwa na muda wa kutosha kupandisha kila ng'ombe wa Ndandalo na kurudia vifaranga. Kilichotakiwa ni mimi kusema neno moja, kisha mchana kusimama mlangoni na jagi mbele ya wapakiaji. Sikuifikiria Ndandalo. Nilifikiria jagi.

"Imesimama," nikasema.

Saa saba mwenyekiti alipiga tena. Mwalimu aliniuliza imebaki muda gani, nikasema nusu saa. Saa nane nikasema nusu saa. Chakula kiliganda kwenye hotipoti. Hakuna aliyekifungua kwa kuwa kazi haijaisha na hakuna aliyejua nani anawishe. Saa tisa maji yaliingia Ndandalo. Mgeni ilimaliza saa kumi, masaa manane kamili, na kadi ikabaki mezani ikiwa bado na joto.

Watu walipona; walikimbilia shuleni na watoto mgongoni. Mifugo si yote. Mama yake Gwakisa alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Asubuhi ile, baada ya kumkatalia mwanawe, alimnunulia ng'ombe huyo kamba mpya na kumfunga nyuma ya jiko, karibu na njia, ili sanduku likisema tu amchukue haraka. Kamba haikukatika.

Kesho yake niliikuta namba nane imekwisha andikwa nyuma ya mlango, kwa mwandiko wa Mwalimu ulionyooka. Gwakisa alifika mchana, suruali ikiwa na tope lililokauka, wakati hotipoti zinafunguliwa. Hakusalimu. Aliketi mlangoni, akanyoosha mikono juu ya beseni, akasubiri. Niliinuka nikachukua jagi.

"Ulizisikia mashine," alisema.

"Nilizisikia."

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tano."

Aliendelea kunawa. Alinawa mpaka jagi likaisha na tone la mwisho likamgusa kidole, wapakiaji wakitazama. Akajifuta kwenye shati, akainuka bila kula, bila kusema ndaga, akaondoka. Hakurudi tena. Mwalimu alikula. Nilimchukia kwa kila tonge alilolimeza, kwa kuwa sheria ilikuwa yake, na mtu anayetunga sheria ya kuwanyamazisha watu hana haki ya kushangaa watu wakinyamaza. Nilidhani ataifuta. Asubuhi iliyofuata alinipa chaki. Tulibaki wawili, na kwa wawili lazima mmoja awe amekosea zaidi. Tukanawishana mpaka mkataba wangu ulipoisha Desemba, bila kuzungumza lolote lisilohusu masaa.

Msibani Ndandalo, baada ya kuzika, mwenyekiti yuleyule, sasa mzee wa fimbo, alisimama kumsifu marehemu. Alisema wiki ile ya mafuriko Mwalimu alikuja kwa miguu, akasimama mbele ya kijiji kwenye uwanja wa shule, akasema, "Nilikosea hesabu mimi. Hakuna mwingine." Watu waliguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nimepata nilichokifuata, na hakikunifaa. Alinisitiri? Au hakutaka ijulikane kwamba aliweka ng'ombe wa watu juu ya mchezo wa chaki? Au aliona kweli kwamba kosa ni lake? Sikuwa na namna ya kujua, na sikupenda hata jibu moja kati ya hayo. Miaka saba alikuwa ameketi juu ya kitu changu na kukiita chake.

Chakula kikaletwa. Vijana wa kijiji walipita na majagi na mabeseni, na mmoja wao, ingawa hakuwa kijana tena, alikuwa Gwakisa. Alikuwa amenenepa. Aliifikia mikeka ya akina mama, akamwagia huyu na yule, kila mmoja akasema ndaga kwa mazoea, mpaka akasimama mbele yangu.

"Kumbe umekuja."

"Nimekuja."

"Umesikia alivyosema mwenyekiti. Kwamba namba ilikuwa ya Mwalimu."

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Hakuipunguza sauti. Mikono iliyokuwa imenyooshwa kusubiri maji ikatulia hewani. Nilimwona ananitazama kama alivyokuwa akiitazama stabilaiza, akisubiri kama itashika au itakata.

"Ilikuwa yangu," nikasema. "Masaa matatu. Na mashine zilipoanza nilizisikia, nikasema namba imesimama."

Gwakisa akaniwekea jagi mkononi na beseni miguuni. "Anzia pale, kwa mama yangu," akasema, akanyoosha kidole mwisho wa mkeka, kwa mwanamke mzee mwenye kanga mbili aliyekuwa ameniinulia uso.

Nilikwenda, nikapiga magoti, nikammiminia. Alinawa vizuri, mpaka kwenye vifundo, akakung'uta mikono juu ya beseni, akavuta sahani yake. Nilisubiri kidogo. Hakusema ndaga. Nikahamia kwa aliyemfuata.